Kinywa Kinachosoma Qur'ani: Wajibu Wetu wa Kutunza Meno na Fizi

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri, katika maandalizi ya mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyemneemesha mwanadamu kwa ulimi wa kumtaja na kwa meno ya kutafunia riziki yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote wafuatao mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Tumezoea katika vikao vyetu kuzungumzia sala, zaka, malezi na mirathi. Leo tumeona tuzungumzie kinywa. Huenda wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo, la kuachiwa matabibu wa hospitali. Sisi twasema si dogo. Kinywa ndicho njia ya Qur'ani. Ndicho kisomacho Al-Fatiha katika kila rakaa, kitoacho salamu, kimfundishacho mtoto kutamka shahada. Mwenye kusoma elimu ya tajwidi anajua kuwa herufi tha, dhal na dha hutoka pale ncha ya ulimi inapogusana na ncha za meno ya mbele ya juu, na kuwa herufi fa huyahitaji meno hayo hayo pamoja na mdomo wa chini. Mtu aliyepoteza meno hayo kwa uzee au kwa ajali ana udhuru mbele ya Mola wake. Lakini aliyeyapoteza kwa kuyapuuza miaka ishirini amepoteza amana, na juu ya amana kuna kuulizwa.

MWENENDO WA MTUME (S.A.W.)

Tuanze pale tunapopaswa kuanza. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutia umati wake mashakani, angaliwaamuru kupiga mswaki kwa kila sala. Imepokewa pia kuwa alipoamka usiku alikuwa akisafisha kinywa chake kwa mswaki, na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa alipoingia nyumbani, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa ni kupiga mswaki. Alipokunywa maziwa alisukutua, akaeleza kuwa maziwa yana mafuta. Na hata katika saa zake za mwisho hapa duniani, alipomwona Abdurrahman bin Abi Bakr (r.a.) ameshika mswaki, aliutazama kwa namna ambayo Bibi Aisha alifahamu kuwa anauhitaji, akamlainishia, naye akapiga mswaki kisha akafariki akiwa safi wa kinywa.

Tuzingatie jambo moja katika habari zote hizi. Hakuna hata moja inayosema kuwa Mtume (s.a.w.) alingoja jino limuume ndipo asafishe kinywa. Alisafisha wakati wa kuamka, wakati wa sala, wakati wa kuingia kwake, na baada ya kinywaji chenye mafuta. Hii ni kazi ya kinga, tena yenye nyakati zake, kama sala ilivyo na nyakati zake. Nasi umati wake tumeibakisha sehemu ya sunna hii na kuiacha sehemu kubwa. Tunauweka mti wa mswaki katika mfuko wa kanzu, tunaupitisha kwenye meno ya mbele imamu akisawazisha safu, kisha tunarejea nyumbani, tunakunywa chai ya sukari nyingi na kulala. Basi sunna imekuwa pambo la msikitini, na kinywa kinaoza nyumbani.

UKUBWA WA TATIZO

Katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa. Watu bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa, watoto zaidi ya milioni 500 wana meno ya utoto yaliyooza, na watu wapatao bilioni 1 wana maradhi makali ya fizi. Haya ni maradhi yanayozuilika kwa sehemu kubwa sana. Hayahitaji mashine wala dawa za ghali ili kuyakinga, yanahitaji mazoea. Hata hivyo, wengi wetu hatumwendei daktari wa meno mpaka usingizi umetutoka kwa maumivu, na hapo mara nyingi hakuna la kufanya ila kung'oa.

JINO HUOZAJE?

Wengi tumekua tukiambiwa kuwa jino linaliwa na mdudu, na wapo waganga wajifanyao kumtoa mdudu huyo kwa moshi na kumwonyesha mgonjwa. Huo ni uongo. Hakuna funza ndani ya jino. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria, ambavyo huishi katika kila kinywa. Vijidudu hivi pamoja na mabaki ya chakula hufanya utando laini wenye kunata juu ya meno. Huo ndio ukoga. Tunapokula kitu cha sukari, bakteria hao hula sukari hiyo na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huchomoa madini kutoka katika gamba gumu la jino.

Mate aliyoyaweka Mwenyezi Mungu kinywani ni dawa. Huiosha tindikali na kulirudishia jino sehemu ya madini yake. Lakini mate yanahitaji muda, nusu saa au zaidi kila baada ya kula kitu kitamu. Hapa ndipo tulipo na kosa tusilolitambua. Mtu anayekula halua mara moja baada ya mlo, kisha akasafisha kinywa, meno yake hushambuliwa mara moja. Lakini mtu anayekaa barazani toka alasiri mpaka magharibi akinywa chai tamu kwa mafunda madogo madogo, huku akitafuna kashata, meno yake hayapati nafasi hata kidogo ya kupumzika. Kwa hiyo tusihesabu tu vijiko vya sukari, bali tuhesabu pia ni mara ngapi kwa siku sukari inapita kinywani.

Vijiko navyo vina hesabu yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu 10 katika 100 ya nguvu ambayo mwili hupata kutoka katika chakula, na kwamba ingekuwa bora zaidi isizidi sehemu 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hizo sehemu 5 ni gramu 25, yaani vijiko vya chai kama sita kwa siku nzima. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 peke yake huwa na gramu zaidi ya 35. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura Al-A'raf tule na tunywe bila ya kupindukia. Amri hiyo ni ya tumbo na kinywa pia.

MARADHI YA FIZI

Jino linaweza kuwa zima kabisa, lisiwe na tundu, na bado likang'oka. Hii ni kazi ya maradhi ya fizi. Ukoga usipoondolewa kwa siku kadhaa huanza kuwa mgumu kama chokaa, ukageuka ugaga ambao mswaki hauwezi tena kuuondoa. Fizi huvimba, huwa nyekundu na hutoka damu. Baadaye hujitenga na jino, usaha hujikusanya, na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Mara nyingi haya hutokea pasipo maumivu, na kwa sababu hiyo mtu hushtuka siku jino linapoanza kucheza.

Wengi wakiona damu kwenye mswaki huacha kupiga mswaki wakidhani wanajiumiza. Kinyume chake ndicho sahihi. Damu ni dalili kuwa pale pana ukoga unaohitaji kuondolewa. Asafishe kwa upole lakini asiache. Damu ikiendelea wiki mbili, aende kwa daktari wa meno akaondolewe ugaga.

Wapo wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Mwenye kisukari hupata maradhi ya fizi kwa urahisi, na fizi zilizooza nazo huifanya sukari yake iwe ngumu kudhibitiwa. Mama mjamzito fizi zake huvimba na kutoka damu upesi; naye hana kizuizi cha kusafisha wala cha kutibiwa. Mwenye ugonjwa wa vali za moyo amweleze daktari wa meno hali yake, maana bakteria wa kinywani wanaweza kuingia katika damu na kutua moyoni. Na ndugu zetu wanaotafuna tambuu wafahamu kuwa wataalamu wa kimataifa wa saratani walitangaza mwaka 2003 kuwa popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Tumbaku nayo, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, huharibu fizi na kuleta saratani ya kinywa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura Al-Baqara kujitia wenyewe katika maangamizo.

KUSUKUTUA SI KUPIGA MSWAKI

Wapo wanaosema: sisi twatawadha mara tano kwa siku, na katika kila udhu twasukutua mara tatu, basi vinywa vyetu ni safi. Alhamdulillahi, kusukutua kuna faida, kwani huondoa mabaki ya chakula na kupunguza utamu uliobaki. Lakini ukoga unanata. Hauondoki kwa maji peke yake, kama vile sufuria iliyogandiwa na mafuta isivyotakata kwa kumwagiwa maji tu. Lazima usuguliwe. Lau kusukutua kungetosha, Mtume (s.a.w.) asingalikuwa na haja ya kuutilia mkazo mswaki namna ile.

Je, ni mti au burashi? Tusigombane katika hili. Mti wa mswaki ni mzuri. Nyuzi zake husugua ukoga, na una vitu vya asili vinavyopunguza nguvu za bakteria. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 1277), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kila kitu kinachoondoa mabadiliko ya kinywa, hata kitambaa kinachokwaruza, hutimiza lengo la kupiga mswaki. Kwa hiyo mwenye burashi hajaiacha sunna, na mwenye mti asimdharau mwenye burashi.

Ushauri wetu ni kutumia vyote viwili. Mti uwe wa nyakati za sala na mchana. Ukatwe ukiwa mbichi au uloweshwe ukikauka, ncha itafunwe mpaka iwe nyuzi laini, na ncha iliyotumika ikatwe ili itoke mpya. Usipitishwe meno ya mbele tu. Magego ya nyuma na upande wa ndani ndiko uozo unakojificha. Asubuhi na usiku itumike burashi laini pamoja na dawa ya meno yenye madini yaitwayo floraidi.

Madini haya huliimarisha gamba la jino na kulisaidia kurudisha kile kilichochomolewa na tindikali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha ya dawa muhimu. Tusome pakiti tunaponunua: kiwango kinachofaa ni kati ya 1,000 na 1,500 katika kila sehemu milioni. Hapa tuwakumbuke ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ambako baadhi ya visima na chemchemi vina floraidi nyingi kupita kiasi. Meno ya watu waliokulia huko yana madoa ya kahawia, na hayo si uchafu wala uvivu wa kusafisha. Yaliingia wakati meno yangali yanakua ndani ya fizi. Si halali kumcheka Muislamu kwa jambo hilo. Tatizo la huko ni maji ya kunywa na magadi ya kupikia, na wazazi wa huko waulize kwa mabwana afya kuhusu maji salama na dawa ya meno inayowafaa watoto wao.

Namna ya kusafisha ni hii. Burashi ielekezwe pale jino linapokutana na ufizi, isuguliwe kwa upole na kwa mizunguko midogo, nje, ndani na juu ya magego, kwa muda wa dakika mbili. Kusugua kwa nguvu kama mtu anayeparura samaki huchubua fizi na kulika meno. Ulimi nao usafishwe. Ukimaliza tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno ifanye kazi. Burashi ibadilishwe kila miezi mitatu au nyuzi zinapotawanyika, na kila mtu nyumbani awe na yake.

USIKU NDIO WAKATI TULIOUSAHAU

Kama kuna jambo moja tunalotaka kila mmoja aondoke nalo leo, ni hili: tusilale na kinywa kichafu. Mtu akilala mate hupungua sana. Ile dawa ya asili tuliyoitaja inakuwa kama imefungwa, na bakteria wana usiku mzima wa kufanya kazi juu ya chakula tulichowaachia. Anayepiga mswaki asubuhi tu amesafisha baada ya uharibifu kufanyika.

Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) amemuonya mtu anayelala na mafuta ya chakula mkononi mwake bila kuosha kuwa, likimpata la kumpata, asimlaumu ila nafsi yake. Ikiwa onyo hilo ni la mkono, basi ni lipi la kinywa kilichojaa chakula hicho hicho? Tuifanye iwe kanuni katika nyumba zetu: baada ya chakula cha mwisho cha usiku ni mswaki, na baada ya mswaki ni maji matupu mpaka asubuhi.

WATOTO WETU

Mtoto huota meno 20 ya utoto, na mtu mzima huwa na meno 32. Wazazi wengi husema: meno haya yatang'oka, ya nini kuhangaika nayo? Lakini jino la utoto likioza humnyima mtoto usingizi, chakula na masomo, na likitoka kabla ya wakati wake huweza kuyapotosha yanayofuata. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma kabisa ya meno ya utoto bila ya jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani nalo ni la utoto, huliacha lioze, na hilo ndilo jino alilokadiriwa mtoto kulitumia maisha yake yote.

Basi tuanze kusafisha tangu jino la kwanza linapotokeza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha mbaazi moja. Mzazi amsafishe au amsimamie mpaka afike miaka saba au minane, kwani mkono wa mtoto bado hauna ustadi. Mtoto asilazwe na chupa yenye maziwa ya sukari, juisi wala uji mtamu mdomoni.

Ipo pia balaa ambayo lazima tuikemee waziwazi. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu husema ana meno ya plastiki. Hupelekwa kwa mtu ambaye humpasua fizi kwa wembe, kisu au hata spoku ya baiskeli, akatoa kitu cheupe na kuwaonyesha wazazi. Kile kitu cheupe si plastiki. Ni chonge la utoto la mtoto huyo, alilopewa na Mola wake, ambalo halijafika wakati wa kuchomoza. Wapo watoto waliokufa kwa kuvuja damu na kwa vidonda vilivyoingia vijidudu, na waliopona wengine hukua na meno yaliyoharibika. Dawa ya mtoto anayeharisha ni kunyonyeshwa, kupewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti za hospitalini, na kupelekwa kituo cha afya haraka. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Basi ni vipi tumdhuru mtoto asiye na kosa?

RAMADHANI NA KINYWA

Mwezi mtukufu unatukaribia, nasi tuna mazoea mawili ya kuyatazama. La kwanza ni kuacha kabisa kusafisha kinywa kwa kuogopa kubatilisha saumu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wengi wao wamechukia mswaki kwa mwenye kufunga baada ya jua kupinduka, na wengine wameuruhusu mchana kutwa. Lakini hakuna aliyesema tuuache usiku na alfajiri. Baraza la kimataifa la wanazuoni wa fikihi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilitoa uamuzi kuwa kupiga mswaki, kusafishwa meno, kuzibwa jino na hata kung'olewa hakubatilishi saumu maadamu mtu hajameza kinachofika kooni. Basi mwenye maumivu asiteseke mwezi mzima. Na mwenye kutaka kujitenga na shaka, apige mswaki kwa dawa ya meno baada ya daku kabla ya alfajiri, na tena kabla ya kulala.

Zoea la pili ni kuugeuza usiku wa Ramadhani kuwa karamu moja ndefu. Tunafuturu kwa tende, nayo ni sunna njema. Lakini baada yake huja uji wa sukari, kaimati, visheti, juisi na soda, na baada ya tarawehe huanza tena mpaka daku. Kinywa kilichopumzika mchana hushambuliwa usiku kucha. Tule vitamu pamoja na futari, kisha baina ya futari na daku tutosheke na maji.

TUSINGOJE KUNG'OA

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na kutufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Jino lenye tundu dogo huzibwa na kudumu miaka mingi. Wala tusidhani kuwa kuziba ni kwa matajiri wa mijini tu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilibuniwa njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kukereza: tabibu huondoa sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha huziba tundu kwa dawa inayoshikamana na jino. Katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994 njia hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu mzima. Tuulize katika hospitali zilizo karibu nasi.

Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, wala haizibi tundu. Vidonge vya kuua bakteria vinunuliwavyo dukani bila ushauri wa tabibu navyo havizibi tundu. Uvimbe hupungua kisha hurudi. Kutia jinoni vitu vya kuunguza ni kujiongezea jeraha. Hirizi shavuni haina lolote ila kumtoa mtu katika kumtegemea Mola wake. Na akitokea mtu amevimba shavu au chini ya taya, ana homa, hawezi kufungua kinywa, anapata taabu kumeza au kupumua, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuziba njia ya pumzi na kuua.

Kila mmoja wetu amwone daktari wa meno japo mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi.

TUFANYE NINI KATIKA MISIKITI YETU?

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, walimu wa madrasa wawafundishe watoto kupiga mswaki kwa vitendo, kama wanavyowafundisha udhu, na wawaulize kila siku nani alipiga mswaki jana usiku. Pili, milangoni mwa madrasa zetu pasiuzwe peremende na barafu za sukari. Wauzaji wetu wahimizwe kuuza matunda, karanga na mahindi. Tatu, kila msikiti umwalike tabibu wa meno japo mara moja kwa mwaka awatazame watoto na wazee. Nne, mfuko wa misaada wa msikiti uwakumbuke wasio na uwezo wa kulipia kuzibwa jino, kwani gharama ya kuziba leo ni ndogo kuliko gharama ya kung'oa na kutibu usaha kesho.

Na maimamu wetu wawe mfano. Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kuja msikitini na harufu yake, kwani malaika huudhika kwa yanayowaudhi wanadamu. Harufu ya fizi zilizooza ni kali kuliko hiyo, na haiondoki baada ya saa chache. Tuwaonee haya malaika, na tumwonee huruma ndugu anayesimama begani mwetu katika safu.

Ndugu zetu katika Imani, jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji dakika mbili asubuhi na dakika mbili usiku, kwa nia ya kumtii Mwenyezi Mungu na kumfuata Mtume wake. Mwenye nia hiyo mswaki wake ni ibada, na meno yake yanahifadhika. Basi tuanze usiku wa leo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutakasie miili yetu na nyoyo zetu, avifanye vinywa vyetu kuwa visafi kwa kulitaja jina Lake, awahifadhi watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na atufikishe Ramadhani tukiwa wazima. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.